Nilidhani ni chale za kinga kwenye mkono wa mjukuu wangu

Wakuu, salamu kutoka Olumbi. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na kosa ni langu. Wa kucheka acheke.

Shule niliishia darasa la pili. Mashine ya kusaga niliyo nayo nimeitafuta kwa mgongo wangu, sikurithi hata ungo.

Mjukuu wangu Zainabu, miaka kumi na tisa, alikuja kwangu akitokea Mocímboa baada ya vita kumchukua mama yake, binti yangu. Siku ile ile nikamwambia: hapa kwangu halii mtu, aliyefika kafika.

Nilijiona mwanaume kweli.

Akawa ananisaidia mashineni. Mnajua unga unavyopepea kwenye mwanga wa asubuhi? Mtu anaonekana kama unamuota. Ndivyo nilivyomwona miezi yote. Yupo, hayupo. Na mikono mirefu ya baibui kwenye joto lile!

Siku moja akakunja mkono wa nguo. Nikaona alama, za zamani na mpya.

Huku kwetu tangu vita vianze watu wanachanjwa chale za kinga. Nikajua ndizo. Nikamtania, si mjukuu wangu?

"Mke wangu, fundi gani wa chale kakushika mkono bila ruhusa yangu? Namfuata na fimbo!"

Hakucheka.

"Hakuna fundi, babu. Najikata mwenyewe."

"Unataka kufa?"

"Sitaki kufa. Kwako kulia ni marufuku. Basi yanatokea huku."

Nikazima mashine. Masikio yakabaki yanavuma kama niko chini ya maji. Nje kina mama wanapiga kelele, "Mzee, unga wetu!" Nikawaambia leo hakuna unga, nendeni.

Nikamwambia, haya, nihadithie mama yako. Akalia mpaka adhuhuri. Na mimi pia, msinitangaze.

Kesho yake tukaenda kwa muuguzi. Akasema si madeko wala jini. Mtu akifiwa kisha akazibwa mdomo, maumivu hutafuta njia nyingine. Zainabu anaendelea kwenda kwa muuguzi. Kuna wiki nzuri, kuna wiki mbaya, siwadanganyi.

Nilichojifunza: ukiona alama, acha fimbo, acha utani. Uliza taratibu, halafu nyamaza.

Wenye watoto waliokimbia vita, semeni hapa: mliwahi kuwauliza habari za waliowapoteza? Mimi ilinichukua mwaka mzima kutamka jina la binti yangu.

Aliitwa Rehema.