Boti ya Wagonjwa Iko Wapi?

Kisiwani pale watu walimwita Bi Dunia, na mwenyewe hakulichukia jina hilo. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akisoma habari za kimataifa kwenye redio ya kisiwa, asubuhi na jioni, kwa sauti nzito isiyokimbizwa na mtu. Serikali ikipinduliwa upande wa pili wa bahari, watu wa kisiwa walijua kabla chai haijapoa. Kinyozi wa sokoni alikuwa akizima mashine yake Bi Dunia akianza kusoma, mteja akabaki amenyolewa nusu kichwa. Hakuna aliyelalamika, maana mteja naye alikuwa anasikiliza.

Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kutani walibandika trei za mayai kuzuia mwangwi. Chini wakikata bati wakati wa taarifa, fundi mitambo aligonga sakafu kwa kisigino, na wale wa chini wakatulia. Bi Dunia alipenda kuketi pale. Akivaa vile visikilizio masikioni, alijihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha la kuuona ulimwengu mzima.

Nyumbani alikuwa na mume aliyefanya kazi ofisi ya ardhi, mtu mpole wa maneno machache, na mama mkwe ambaye maneno yote aliyoyabana mwanawe aliyatoa yeye. Bibi huyo aliibana redio sikioni kutwa nzima na kugombana na marais. “Huyu naye anatupotezea muda,” angesema kuhusu kiongozi wa taifa kubwa lenye makombora. “Mwambie akalale.”

“Hanisikii, mama,” Bi Dunia alikuwa akijibu.

“Atakusikiaje na wewe unamsomea kwa adabu hivyo?”

Basi, siku moja mchana Bi Dunia alikuwa hewani akisoma kuhusu mkataba uliokuwa ukisainiwa na mataifa mawili makubwa. Alipomaliza na kufungua mlango, alimkuta mumewe amesimama ngazini, kofia mkononi, kijasho chembamba kinamtoka. Mume yule hakuwa mtu wa kutoka ofisini saa za kazi.

“Mdogo wako,” alisema. “Uchungu umeanza, na presha imepanda. Hospitali wanasema lazima avushwe ng'ambo, akafanyiwe upasuaji.”

“Si wampakie kwenye boti ya wagonjwa?”

“Haipo.”

“Haipo vipi?”

“Haipo, mke wangu. Ina muda haipo.”

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, na ile ilikuwa mimba yake ya kwanza. Walimvusha kwa boti ya mizigo, amelala juu ya godoro katikati ya kreti za chupa tupu za soda zilizokuwa zinarudishwa kiwandani. Nesi alimshika mkono upande huu, Bi Dunia upande ule, na chupa zikagongana safari nzima, kling kling kling, kama watu wanaopongezana kwenye harusi. Bi Dunia, ambaye ulimi wake haukuwahi kukwama mbele ya kipaza sauti, kazi yake ilikuwa kumfuta mdogo wake jasho tu.

Mungu si Athumani. Walifika, madaktari wakawahi, mtoto akatoka mzima, msichana, na mama yake akafungua macho siku ya pili. Ndugu walishacheka kabla ya kupanga jina la heshima: mtoto akaitwa Soda, na jina likaganda.

Lakini mama wa mtoto hakucheka sana. Siku dada yake alipokaa naye wodini, alimwangalia kwa muda kisha akasema, “Dada, nikuulize kitu?”

“Uliza, mpenzi.”

“Mwezi uliopita ulitusomea habari ya waziri wa nchi moja huko kwenye theluji. Amejiuzulu kwa sababu treni zinachelewa. Treni, dada! Zinakuja, ila zinachelewa. Mimi nikiwa natia uzi kwenye sindano nikasema, makubwa. Sasa boti yetu hapa mlangoni, haionekani mwaka mzima. Mbona hiyo hujawahi kuisoma?”

Bi Dunia alitaka kusema kwamba yeye ni wa habari za kimataifa, na kwamba za kisiwa zina mtu wake. Lakini mtu huyo wa habari za kisiwa alisoma ratiba ya ziara za viongozi na matokeo ya mpira, basi. Akaona jibu hilo halifai kupewa mtu mwenye mshono tumboni na mlio wa chupa kichwani.

Aliporudi kisiwani, alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo, mzee mwenye tumbo la kutosha na hofu ya kutosha.

“Nataka kila nikimaliza habari za dunia, niulize swali moja: boti ya wagonjwa iko wapi?”

Mkuu wa kituo akavua miwani. “Hiyo si habari, Bi Dunia. Hilo ni swali.”

“Basi tuseme habari ni kwamba hatujui.”

“Leseni yetu unajua inasainiwa wapi?”

“Najua. Na unajua mkeo akizidiwa atavushwa na nini?”

Mzee alivaa miwani, akaivua tena. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alisema ana kikao, akatoka, na Bi Dunia akachukulia hiyo kuwa ruhusa.

Asubuhi iliyofuata, baada ya vita vya huku na uchaguzi wa kule, alisema kwa sauti ile ile, bila kupandisha wala kushusha: “Na hapa kisiwani, boti ya wagonjwa haijaonekana kwa takriban mwaka mmoja. Tumeuliza iko wapi. Bado hatujajibiwa.” Sokoni, kinyozi alizima mashine ambayo alikuwa ameiwasha mapema mno.

Jibu lilikuja baada ya siku chache. Msemaji wa ofisi ya mkuu wa kisiwa, kijana wa tai na viatu vinavyong'aa, alipiga simu, akaunganishwa hewani. Alieleza kwa ufasaha kwamba boti ni mbovu, spea zimeagizwa nje, lakini kama wasikilizaji wanavyojua, kuna mvutano katika mlango wa bahari kule Mashariki, meli zinalazimika kuzunguka bara zima, na serikali inaomba subira.

Lilikuwa jibu zuri. Watu walilipenda. Sokoni walibishana kutwa kuhusu mlango ule wa bahari, nani aufungue, nani aufunge, na manowari ya nani ina nguvu. Boti ikasahaulika kabisa. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekunja uso.

“Huko kwenye mlango wa bahari kuna vita,” alisema akimenya viazi. “Sawa. Lakini mbona sukari inafika? Mbona magari yao mapya yamefika? Vita hivi vinachagua mizigo?”

Jioni ile Bi Dunia alimpigia msemaji hewani. Hakuwa na kejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. “Spea hizo zimepakiwa bandari gani?”

Kijana akajibu: “Hilo nitafuatilia.”

Kesho yake akauliza tena. “Nafuatilia.” Keshokutwa. “Bado nafuatilia, Bi Dunia.”

Kisiwa ni kidogo. Neno lile likamfuata kijana wa watu kama harufu ya samaki. Akinunua maandazi, muuzaji anamuuliza, “Umefuatilia?” Akiingia msikitini, akitoka, watoto wa shule wakipita: “Umefuatilia?” Wakambatiza jina la Mfuatiliaji. Inasemekana hata mama yake mzazi, akimpakulia chakula, alimtazama na kijiko hewani: “Mwanangu, hivi kweli, umefuatilia?”

Upande wa pili napo kulikuwa na moto. Mume wa Bi Dunia aliitwa na bosi wake ofisi ya ardhi. Alirudi nyumbani, akakaa, akavua viatu taratibu.

“Nimeambiwa niongee na wewe,” alisema.

“Haya, ongea.”

“Nimeongea.” Akavuta sahani yake, akaanza kula.

Bi Dunia alimtazama mtu huyo aliyeishi naye miaka yote hiyo. Hakuwa amejua kwamba ukimya wa mumewe ulikuwa na ujasiri kiasi hicho. Hata hivyo hakulala vizuri wiki ile. Mkuu wa kituo naye aliacha kumtazama usoni. Simu ya ofisini ikilia, mzee alishtuka kama mtu aliyekanyaga nyoka. Bi Dunia alianza kujiuliza kama swali moja linastahili kuwaponza watu wote hao, na kwa kweli siku moja asubuhi alikata shauri kupumzika nalo kidogo.

Siku hiyo hiyo mchana, Mfuatiliaji alipanda ngazi za studio. Hakuvaa tai. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi na alama za chumvi.

“Dada yangu,” alisema, “niingize hewani.”

“Kuna nini?”

“Nimefuatilia.”

Fundi mitambo alimtazama Bi Dunia, Bi Dunia akamtazama mkuu wa kituo mlangoni. Halafu mzee, kwa sababu ambayo hata yeye mwenyewe hakuweza kuieleza baadaye, alienda akafunga dirisha ili makelele ya barabarani yasiingie, na akasema, “Haya, fanyeni haraka kabla sijajuta.”

Kijana alizungumza polepole. Alisema aliyoyasema mwanzo kuhusu spea aliambiwa ayaseme, naye aliyaamini. Lakini alichoka kuulizwa, akaamua kwenda mwenyewe kwenye banda la boti za serikali. Boti ya wagonjwa ipo pale, nzima, haina hata mkwaruzo. Haina injini tu. Mlinzi wa banda alimweleza waziwazi: injini iling'olewa mwaka jana, wakati wa mkutano wa wageni wa kimataifa, ikafungwa kwenye boti ya kifahari ya kuwatembeza, na haikurudishwa. Hakuna spea iliyoagizwa popote, wala meli inayozunguka bara lolote.

“Wananchi,” alimalizia, “niliwaambia uongo bila kujua. Sasa ninajua, kwa hiyo ninawaambia.”

Bi Dunia aliukumbuka mkutano ule. Ulikuwa wa kujadili amani ya dunia, na yeye ndiye aliyesoma, kwa fahari, jinsi wajumbe walivyofurahia kuzungushwa kisiwa kwa boti. Alijikaza, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema, “Hiyo ndiyo habari. Asante kwa kufuatilia.”

Watu hawakuvunja kitu wala kumtupia mtu jiwe. Walikuja tu. Walikuja ukumbi wa shule ya sekondari, ambako madiwani, kwa kuona upepo unavumia wapi, walimwita mkuu wa kisiwa ajieleze. Wavuvi walikuja, wauguzi, makondakta, wanawake wenye watoto mgongoni, na mdogo wake Bi Dunia akapewa kiti cha mbele, mwanawe mapajani. Mkuu wa kisiwa alianza na hali ya dunia. Alianza na mvutano wa mataifa, uchumi wa kimataifa, mabadiliko ya...

“Mheshimiwa,” alimkata kinyozi wa sokoni, kwa heshima zote, “dunia tunasomewa kila siku, tunaijua. Tueleze injini.”

Ukumbi ulicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya. Kilikuwa cha watu walioona kwamba kumbe mkubwa anaweza kuulizwa. Mkuu wa kisiwa alikunja karatasi yake. Kwa mara ya kwanza alizungumza kama mtu wa kawaida. Alisema injini ilichukuliwa kwa idhini yake, kwa siku za mkutano tu, kisha wageni wengine wakaja, na wengine, na kila mara ikaonekana aibu kuwapakia boti mbovu. “Tuliona aibu mbele ya wageni,” alisema. “Mbele yenu hatukuona. Hilo ni kosa langu.”

Sauti kutoka nyuma ikauliza, “Inarudi lini?” Akataja siku, mbele ya wote, na siku hiyo ikafika, na injini ikafungwa watu wakitazama, fundi akiongozwa na mafundi hamsini wasio na kazi waliomwelekeza kila boliti. Mgonjwa wa kwanza kuvushwa alikuwa mzee mwenye ngiri, na aliporudi mzima lalamiko lake lilikuwa moja: boti inakimbia mno, hakupata hata nafasi ya kusinzia.

Si kila kitu kilinyooka. Mfuatiliaji aliondolewa kwenye usemaji, akapelekwa kusimamia maktaba ya kisiwa, mahali ambapo walidhani hatasikika. Leseni ya redio ilisainiwa, lakini kwa mwaka mmoja badala ya mitatu. Mkuu wa kituo aliibusu karatasi hiyo hata hivyo. “Mwaka ni mwaka,” alisema. “Mwakani tutaogopa tena.”

Wakuu wa idara za kisiwa wakaona ni nafuu kuja kuulizwa kuliko kufuatwa. Kila Alhamisi mmoja wao hupanda ngazi zile, na kabla hajafika studio hupitia kwanza maktaba, ambako kijana fulani humsaidia kuandaa majibu, na kumwonya asirudie yale ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuyasema. Wa maji amekuja, wa barabara amekuja akarudishwa akajipange upya. Bi Dunia bado anasoma vita na chaguzi za mbali kwa sauti ile ile. Wiki iliyopita alipomaliza, mkuu wa idara ya elimu alikuwa amekwisha kukaa mbele yake, ameshika glasi ya maji kwa mikono yote miwili.

“Tuanze na paa la shule au na walimu?” Bi Dunia alimuuliza.

“Tuanze na paa,” alisema yule bwana, akavuta pumzi. “La walimu lina jibu baya. Lakini nitalijibu.”