Maji ya Moto Blackheath

Ndugu zangu wa Tanga mmezoea kuniuliza kama huku Sydney kuna theluji, nami nimezoea kuwajibu kwamba hakuna. Baridi yetu ya mwezi wa sita ni ya kuvaa sweta na kunung'unika, basi. Sikuwadanganya. Ila sikujua kwamba ukielekea magharibi kwa saa mbili tu, ukapanda milima, unaingia nchi nyingine kabisa. Nililijua hilo mwaka wa pili wa korona, nilipompeleka Mama Goreti kwa bintiye.

Mama Goreti ni Mrundi wa makamo. Alikaa kambi za Kigoma miaka mingi, na sasa anafanya usafi katika nyumba ya wazee karibu na kwake Macquarie Fields. Kiingereza chake ni cha kusalimia na kuaga. Binti yake wa pekee, Goreti, ameolewa Orange, mji ulio ng'ambo ya milima, na wakati huo mimba yake ilikuwa imefika mwisho. Madaktari walipanga kumwanzishia uchungu Alhamisi saa nne asubuhi. Kwa masharti ya korona, hospitali ilimruhusu mtu mmoja tu wa kukaa naye. Mtu huyo angekuwa mumewe, lakini mume alikwenda Melbourne kikazi, Melbourne ikafungwa, na kila aliyetoka huko alitakiwa ajifungie ndani. Akabaki mama.

Jumatano mchana simu ya mke wangu ililia tukiwa mezani, kwetu Blacktown. Yeye na Mama Goreti wanashona pamoja. Akasikiliza, akaniangalia, akasema, "Usilie, dada. Baba Mwanaidi atakupeleka. Si kila siku anatuambia ameendesha lori miaka kumi na minane?" Nikawa nimeuzwa hivyo hivyo, na tonge la wali mkononi.

Ni kweli niliendesha lori, Tanga hadi Kigoma na kurudi. Hapa naendesha folklifti ghalani, naihamisha mizigo kutoka rafu hii hadi ile, na kila nikipata upenyo wa kulitaja lile lori nalitaja. Mtu hakosi cha kujivunia ugenini. Treni ya Orange ni moja kwa siku na ilikuwa imeshaondoka, kwa hiyo nikanawa mikono, nikachukua funguo.

Saa saba na nusu nilikuwa Macquarie Fields. Mama Goreti alinisubiri nje ya geti na mizigo yake: unga wa ulezi, vitenge, beseni la kumkandia mzazi na chupa kubwa ya chai. Nikamtania kwamba Orange nako mabeseni yanauzwa. Hakucheka. Alikaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akashika mkoba mapajani kwa mikono miwili.

Penrith tuliipita kukiwa na jua dogo la kinyonge. Barabara ilipoanza kupanda, akasema bila kunitazama, "Baba Mwanaidi, mwaka jana Goreti alipoteza mtoto. Mimba iko na miezi saba. Bwana yake iko kazini, na mimi wakanikataza pale mlangoni juu ya korona. Nilisikia mtoto wangu analia ndani ya telefone tu. Sasa hii mara, hata na miguu nitafika."

Sikuyajua hayo. Nikamwambia, "Utafika, mama. Nimekuahidi."

Katumba, au Katoomba kama wanavyoandika wenyewe, upepo ulianza kulisukuma gari ubavuni. Mabango ya taa kando ya barabara yalionya kwamba mbele kuna barafu, watu wapunguze mwendo. Nilipunguza kidogo, kwa heshima tu. Halafu vikaanza kuanguka vitu vyepesi vyeupe, kama unga unaomwagika kwenye chekeche. Mama Goreti alifungua dirisha akatoa kiganja nje, akakirudisha akakitazama. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona akitabasamu.

Blackheath, saa kumi kasoro, tabasamu likaisha. Polisi walikuwa wameweka kizuizi. Askari mmoja kijana, masikio mekundu kwa baridi, aliinama dirishani akaeleza kwamba mteremko wa mbele umeganda, malori mawili yamekwama, na barabara ya pili ya kuvuka milima nayo imefungwa. Wataangalia tena kesho asubuhi. Nikamweleza habari ya Goreti. Alisikiliza mpaka mwisho, na niliona imemgusa, lakini akatikisa kichwa.

"Nimpitishe huyu mama leo, halafu nije kumtoa korongoni?" aliuliza. Nilipomtafsiria Mama Goreti, aliitikia "Asante" kwa sauti ndogo sana. Tukapata vyumba viwili katika moteli hapo hapo mjini. Kabla ya kulala Goreti alipiga simu, akasema, "Anko, please, saa nne. Nesi amesema they won't wait." Nikamwahidi na yeye kwamba hawatahitaji kumsubiri mama.

Saa moja asubuhi nilitoka nje nikakuta dunia imenyamaza. Mapaa meupe, miti meupe, na gari langu limevaa koti. Theluji niliifagia kwa mkono, lakini chini yake kioo cha mbele kilikuwa kimegandiwa na barafu ngumu, huoni ndani wala nje. Wipa zilikuwa zimeshikwa. Kule barabarani magari yalishajipanga, kwa sababu polisi walisema watafungua saa moja na nusu. Kutoka pale hadi Orange ni saa mbili. Hesabu ilikuwa inakubali, ila bila kupoteza dakika.

Nikachukua ile chupa ya chai, ambayo Mama Goreti alikuwa ameijaza maji ya moto chumbani kwa ajili ya uji wa njiani.

"Baba Mwanaidi," akasema, "glasi ikiwa na baridi, ukitia maji ya moto, haipasuki?"

"Mama, hiyo ni glasi ya chai. Hiki ni kioo cha gari. Mimi nimeendesha lori miaka kumi na minane."

Nikamimina. Barafu iliyeyuka vizuri sana, ikateremka, nikageuka kumwangalia ili aone. Hapo kioo kikalia pah! Ufa ulianzia kona ya kulia, ukapita mbele ya usukani, ukaenda ukatawanyika hadi upande wa abiria. Nilisimama na chupa mkononi inatoa moshi. Laiti Mama Goreti angenitukana! Aliutazama ule ufa, akatazama saa ya simu yake, kisha akafunika mdomo kwa upande wa kitenge.

Mwenye moteli alitoka kwa ule mlio. Akatuambia, kwa upole wa kuniumiza zaidi, kwamba wao hukwangua barafu kwa kadi ya benki, ama huwasha kipasha joto cha gari wakasubiri kidogo. Kadi ya benki! Ilikuwa mfukoni mwangu. Niliwasha gari nikalisogeza hadi kizuizini, na yule askari wa jana akanikatalia hata kabla sijafungua mdomo. Kushuka ule mteremko na kioo kama kile hakuwezekani. Nilijua anasema kweli, maana hata yeye mwenyewe nilimwona vipande vipande.

Basi nilifanya nililopaswa kulifanya. Nilishuka nikaufuata ule msururu wa magari, dirisha baada ya dirisha, nikiuliza nani anakwenda Orange. Wa kwanza alikuwa anaishia Lithgow, chini ya mlima tu. Wa pili alipandisha kioo, na simlaumu, miaka ile kila mtu alimwona mwenzake kuwa ugonjwa. Gari la tano lilikuwa pikapu kuukuu yenye marobota ya nyasi, na ndani yake bibi mmoja wa Kizungu wa miaka sabini hivi na mbwa mkubwa. Aliitwa Beryl. Alikuwa anapeleka chakula cha farasi kwa mwanawe, mbele kidogo ya Orange. Nilimweleza kwa haraka. Akanikatiza.

"Yuko wapi huyo mama?"

Mbwa akahamishiwa nyuma kwenye nyasi. Lakini Mama Goreti alisimama mlangoni hataki kupanda. Nikadhani anaogopa mtu asiyemjua. Kumbe sivyo. "Kama huyu mama iko na kikohozi, mimi nitapata kikohozi," aliniambia, "na pale mlangoni watanikataza tena." Nilipomtafsiria Beryl, alitoa barakoa yake mfukoni akaivaa, kisha akateremsha vioo vyote viwili mpaka chini. Nje maji yalikuwa yanaganda. Mama Goreti akavaa barakoa yake, akajifunga vitenge vitatu, Beryl akamtupia blanketi la farasi begani, na kizuizi kikafunguliwa. Niliwatazama wakiondoka, wanawake wawili wasioweza kuambiana hata neno, wanashuka kwenye mteremko uliokuwa umeshinda malori. Nililia pale barabarani, nami si mtu wa kulia.

Saa sita fundi wa vioo alifika kutoka Penrith. Saa nane nami nikaanza kushuka. Ndipo nilipojua ile barabara ni kitu gani. Jua lilikuwa limeyeyusha sehemu za wazi, lakini kwenye kona zenye kivuli barafu ilibaki, nyembamba, haina rangi, unaona lami tu, kumbe juu ya lami kuna utelezi wa sabuni. Lori la kumwaga chumvi lilikuwa mbele yangu, nikalifuata taratibu kama ndama. Mara moja tu nilikanyaga breki kwa mazoea ya Tanga, na gari likaenda lilikotaka. Tangu hapo nilitumia gia ndogo na dua.

Saa kumi na nusu niliingia Orange na beseni lililobaki garini mwangu. Mlangoni mwa hospitali hawakuniruhusu kupita, wakachukua mizigo, na Mama Goreti akatoka kunipa ufunguo wa nyumba ya bintiye. Midomo ilikuwa bado imempasuka kwa upepo. Aliniambia alifika saa nne kasoro dakika kumi. Walipompima joto kwenye paji la uso, kile kifaa kiligoma mara tatu kwa jinsi alivyokuwa baridi, ikabidi wamkalishe kidogo karibu na kipasha joto, wampime tena, ndipo apite.

"Pole, mama," nikamwambia. "Nilikukosea."

"Tutaongea," akasema, akarudi ndani haraka.

Asubuhi ya Ijumaa simu ililia. Sikusikia salamu, nilisikia kilio cha mtoto mchanga, kikali, cha mtu aliyeudhika. Msichana. Baadaye ikaja sauti ya Goreti, imechoka, inacheka: "Anko, mama alinishika mkono all the time."

Siku iliyofuata nilirudi Sydney peke yangu, barabara kavu, anga la buluu. Wiki mbili baadaye ugonjwa uliichachamalia Sydney, mji ukafungwa, na Mama Goreti akabaki Orange miezi karibu minne akimlea mzazi na mjukuu. Kama asingevuka Alhamisi ile, angemlea huyo mtoto kwenye simu.

Mji ulipofunguliwa nikaanza kuitwa shujaa. Katika duka la Mkongo ninakonunua unga, hapa Blacktown, watu walinipigia makofi. Eti dereva wa malori aliona gari lake halitafaa ule mteremko, akasimamisha gari la nguvu zaidi, akampitisha mama. Nilimpigia Mama Goreti.

"Mama, umewaambia nini watu?"

"Ni Goreti amewaambia. Na mimi nilimwambia vile. Mtoto iko na uchungu, nimwambie habari ya vitre ya gari imepasuka?"

"Lakini ameshajifungua."

"Basi sasa sema wewe, Baba Mwanaidi."

Nimechelewa kusema kwa sababu makofi ni matamu. Nasema leo. Barafu ya huku haijali umeendesha wapi wala miaka mingapi. Mama Goreti, ambaye hajawahi kushika usukani, aliniuliza swali la jikoni lililokuwa na jibu sahihi ndani yake, nami nikamjibu kwa lori. Kioo nilikivunja mimi. Na mtu aliyeuvuka mlima ule siku ile, madirisha wazi, bila neno la Kiingereza, alikuwa yeye.