Nilivyonasa Kwenye Kinu cha Bibi Mrusi

Njaa nimeipona, kiboko cha Wadachi nimekipona, lakini Mwinshehe mpishi ndiye aliyenimaliza, na ninamtaja.

Bibi yetu, mke wa Mdachi mwenye shamba la mpira, ni Mrusi. Ana kitabu cha hadithi za kwao chenye picha. Siku moja Mwinshehe akakileta jikoni, akanionyesha ajuza wa pua ndefu, kaketi ndani ya kinu, mchi mkononi, anapaa juu ya miti.

"Umemwona, kaka? Mama yake bibi huyo. Kesho anashuka stesheni. Akikipata kinu chetu, watoto wako kule mlimani wameliwa."

Kesho yake nikasikia wageni barazani. Nikakimbilia jikoni, nikakikalia kinu cha mahindi, ajuza asikipate. Makalio yakazama, yakanasa! Nikajisukuma kwa mchi, wapi, kinu kikayumba tu huku napiga mayowe.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama yake bibi, kizee mfupi, mnene, mpole, ameshika peremende. Akanitazama. Akakiona kitabu mezani, akafunua picha, akanitazama tena. Peremende zikamwagika.

Nyuma yake Mwinshehe akatikisa kichwa kwa huzuni. "Si nilikwambia barazani, bibi? Humu ndani tunaishi na mwanga, mchawi wa kuruka."