‘Balozi’ wa chumba cha pasi aliyerudi kufuta saini yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvuke umeshajaa chumbani. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, kitambaa kimekazwa kichwani, anamwaga bunda la mashuka machafu mezani na kuanza kuyachambua: yenye damu huku, yenye mafuta kule, foronya peke yake.

Kila mlango wa ofisi unapofunguka, mikono yake inasimama.

“Najua naitwa mimi,” anasema, akijaribu kucheka. “Wiki tatu sasa. Hata mtu akija kuulizia sabuni, moyo unanipaa.”

Ana miaka kumi na tisa katika kiwanda hiki kinachofua mashuka ya hoteli na hospitali. Mahali pake hasa si hapa penye nguo chafu. Ni kule mbele, kwenye mashine kubwa ya pasi inayomeza shuka bichi upande mmoja na kulitema kavu upande wa pili, mashuka mia nne kwa saa.

Wenzake wanamwita Balozi. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, siku alipoombwa kumgongea kadi ya kuingia kazini mwenzake aliyechelewa. Alikataa, akasema yeye ni balozi wa Mfalme wake, Kristo, na hawezi kumwaibisha aliyemtuma. Chumba kizima kiliangua kicheko.

“Balozi, kwenu viza inatoka kwa siku ngapi?” walizoea kumtania.

“Leta picha mbili tu,” huwajibu.

Mwezi uliopita utani huo ulikatika ghafla.

Mashine ile ina kinga, chuma chembamba kinachoizima pindi mkono wa mtu unaposogea karibu mno. Kilikuwa kimeharibika, kinaizima ovyo, kikaondolewa ili kazi isilale. Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Balozi alikuwa akilisha mashuka pamoja na dada wa miaka ishirini na tisa, ambaye amezoea kumwita mdogo wangu. Shuka likajikunja. Dada akanyoosha mkono kulisawazisha.

“Nilisikia akiniita, halafu sikusikia neno tena, ni sauti tu. Nikakimbilia swichi. Hatua sita. Mpaka leo nazihesabu.”

Dada huyo alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Siku ya nne baada ya ajali, Alhamisi, meneja aliwaita wafanyakazi mmoja mmoja. Mezani palikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa: kinga ilikuwepo, na aliyeumia aliiondoa mwenyewe huku akiongea na simu.

“Saini hapa, mama, tusije tukafungiwa wote,” aliambiwa. “Watu sitini wanakula kwa mashine hii.”

Balozi akasaini.

Halifichi, ingawa analisema huku ameyainamia mashuka. “Hakuna aliyenishikia panga. Niliogopa. Nikaandika jina langu lote, tena kwa mwandiko mzuri.”

Jumapili alisimama na wanakwaya wenzake kuimba wimbo wa kumsifu Kristo aliyeketi enzini. Ubeti wa pili, akaacha kuimba.

“Namwimbia kwamba Yeye ndiye anayetawala, na Alhamisi nilimtii mtu mwingine juu ya uongo. Meneja nimemtii miaka yote hii, na ni haki yake: njoo mapema, nakuja, rudia haya, narudia. Lakini kuusingizia mkono wa mtu? Hapo nilikuwa nimebadilisha mfalme. Nikakaa chini. Mwalimu wa kwaya akadhani ni presha.”

Nyumbani alimweleza mumewe, fundi viatu, kwamba anataka kwenda kuifuta saini. Mume aliweka kiatu chini.

“Huyo Mfalme wako anajua tuna watoto watatu?”

“Niliendelea kukata vitunguu,” anasema Balozi.

Jumatatu aliingia kwa meneja, akaomba jina lake likatwe.

“Karatasi imeshakwenda kwa wakaguzi,” alijibiwa.

“Basi nitaifuata.”

“Nilijishangaa,” anasema.

Mchana, baada ya zamu, alikwenda ofisi ya wakaguzi wa usalama kazini. Alikaa kwenye benchi kwa saa mbili. Mara tatu aliinuka akafika mlangoni aondoke, mara tatu akarudi. Alipoitwa, alianza na saini yake mwenyewe, kisha akaeleza juu ya kinga.

Wakaguzi walifika kiwandani baada ya siku mbili. Mashine ikazimwa hadi kinga iliporudishwa. Kesho yake Balozi aliambiwa ahamie kwenye nguo chafu, bila barua wala maelezo.

Sasa wapo wasiokula naye tena. Mkunja mashuka mmoja alimfuata bombani, akamnong’oneza: “Balozi, niombee. Na mimi nilisaini.”

“Nikamwambia nitakuombea, ndugu yangu, lakini ile ofisi iko wazi mpaka saa kumi na moja.”

Hajaenda bado. Balozi hamlaumu.

“Watu wanadhani ukimtii Mungu hofu inaisha. Yangu imezidi. Chakula hakishuki, usingizi ni wa mang’amung’amu. Ila zamani nilikuwa naomba ufalme wake uje, nikidhani utakuja kwa wengine. Sasa umekuja kwangu, na umenikuta sijajiandaa.”

Shauri la ajali litasikilizwa mbele ya wakaguzi Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi. Likienda vibaya, kazi yake imekwisha. Mumewe, aliyenuna wiki nzima, sasa ndiye anayemfanyisha mazoezi jioni. Anavaa miwani, anakunja uso kama mkaguzi, anauliza: “Kwa nini ulisaini?” Balozi hujibu. Mume humrudisha: “Tena, na usiangalie chini.”

Lakini kabla ya Jumatano kuna jambo jingine, nalo ndilo linalomnyima raha zaidi. Dada aliyeumia ameomba Balozi akae karibu naye siku hiyo. Kila akipiga simu humshukuru: “Dada, wewe peke yako ulikataa.” Hajui kwamba jina la Balozi limo kwenye karatasi ile, la pili kutoka juu.

“Jumatano wataisoma kwa sauti. Sitaki alisikie pale, mbele za watu, mkono ukiwa umefungwa bendeji.”

Saa nane mchana zamu inaisha. Balozi ananawa hadi viwikoni, anavua aproni, anabadilisha viatu. Leo hapiti njia ya nyumbani. Anakwenda kwa mdogo wake.

“Natumaini atanisikiliza mpaka mwisho,” anasema getini. “Akinifukuza, nitatoka. Na Jumatano nitakaa popote atakaponiruhusu nikae, niseme ukweli uleule.”