Moraa Hakuzaliwa Mchawi

Nakumbuka Jumapili moja kule Nyansiongo, mwanangu, dada yangu Moraa aliingia nyumba ya video akicheka na akatoka akitazama chini. Tulikuwa wasichana wadogo. Mwenye video aliitwa Ombaso. Namtaja kwa jina kwa sababu yuko hai na anatembea. Yeye ndiye alikuwa akitutafsiria katuni kwa maneno yake. Binti wa mfalme alikuwa mzungu, mchawi ndiye mweusi. Basi Ombaso akasimamisha picha, akamwonyesha Moraa kwa kidole. “Nyinyi mnatafuta mchawi mbali, si huyu amekaa hapa?”

Watu walicheka sana. Lakini huku kwetu mchawi si neno la mchezo, mwanangu. Watu wamechomewa nyumba kwa neno hilo. Lilimfuata Moraa shuleni, hadi kwenye shamba la majani chai, wenzake wakihama mstari aliokuwa akichuma. Alipokuwa msichana mkubwa akaenda kwa Bosibori, yule muuza mafuta ya kujichubua sokoni. Tulijipaka sote wawili. Mimi nilibaki na haya mabaka. Yeye ngozi ilifunguka, vidonda vikaoza, tukamzika. Mpaka leo nikichuma chai nageuka nimwambie kitu.

Nilipopata binti nilimpa jina lake, kama desturi yetu. Juzi alikuwa akitazama katuni mpya kwa simu, ile watu wanabishania kila mahali kwa sababu binti wa mfalme ni mweusi kama sisi. Ombaso, siku hizi mzee wa kanisa, alikuwa amekuja kuomba mbegu ya mahindi. Akachungulia, akasema wameiharibu, binti wa mfalme hawezi kufanana na mchuma chai. Moraa wangu akafunika simu kwa sketi.

“Ombaso,” nikamwambia, “huyu hutamchukua.”

“Mama Moraa, si ni katuni tu?”

“Na yule wa kwanza ulimmaliza kwa katuni tu. Toka kwangu.”

Akaondoka mikono mitupu. Mtoto akafunua simu, akaniuliza kama ninaweza kukaa tumalize pamoja. Nikakaa, majani chai yakalala shambani bila kuchumwa.

Basi sikiza, mwanangu. Mwenzako akionyeshwa kidole kwa sababu ya ngozi yake, usicheke na wengine. Mdomo wa Ombaso ulikuwa mmoja, kicheko kilikuwa cha nyumba nzima. Na mtoto akiona mweusi mwenzake amevaa taji, mwache atazame mpaka mwisho. Mungu akutunze ndani ya ngozi aliyokupa, uzeeke nayo, na wajukuu wako waishike wakicheka.