Mtoto Aliyehamishwa kwa Ajili ya Barabara

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuwauliza watu maswali kabla barabara haijajengwa. Benki ya maendeleo ilikuwa imetoa fedha za maandalizi tu: michoro, vipimo vya udongo, na sisi wa masuala ya jamii, tuliotakiwa kujua nani ataguswa na mradi na atasaidiwaje. Ofisi yetu ilikuwa katikati ya jiji, lakini siku nyingi nilishinda mtaa wa mabanda wa Kangemi, viatu vikiwa vimejaa matope.

Huko nilimkuta mama mmoja muuza mboga, mtu wa magharibi mwa nchi, aliyepanga chumba cha mabati. Nikamweleza kwamba barabara ingepita nyuma ya chumba chake.

"Hapo nyuma kuna mtu," akasema.

Alinipeleka. Palikuwa na kipande cha ardhi kilichofagiwa, bila msalaba. Miaka mingi nyuma, mtoto wake wa pekee alifariki akiwa mchanga, naye hakuweza kumsafirisha hadi kwao. Mwenye ploti, aliyempangisha chumba, akamruhusu amzike pale. Kila asubuhi alimsimulia habari za soko.

Niliwaeleza wahandisi. Wakasema mstari hausogei, upande wa pili kuna shule. Ikaamuliwa mtoto ahamishwe, kwa gharama ya mradi, akazikwe kwa kina babu yake.

Siku ya kufukua walikuja pasta, shemeji wa mama na afisa wa afya. Wachimbaji waliposhika majembe, mama akawazuia.

"Kwetu mtu hahamishwi bila kuambiwa," akasema, kisha akanigeukia. "Hii habari ya barabara ni wewe ulileta, dada. Mwambie wewe."

Nilimtazama pasta, akainamisha kichwa. Nikapiga magoti.

"Mtoto," nikasema, "barabara inakuja. Huwezi kukaa hapa tena. Mama anakupeleka nyumbani."

Hakuna aliyeitikia amina. Walichokipata kilienea katika kisanduku kidogo, na kingi kilikuwa udongo.

Barabara haikuja. Maandalizi yalikamilika, ripoti zikapelekwa, fedha za ujenzi hazikutoka. Nikapata kazi nyingine, karibu na Dagoretti Corner. Lakini maneno yale yalinifuata. Nikiosha vyombo, nikisimama kwenye foleni, nilijikuta nikiyasema upya, nikihisi kuna anayesikiliza, anayengoja kuiona hiyo barabara.

Mwishowe nilirudi Kangemi. Mama alikuwa akichambua majani ya kunde nje ya chumba chake.

"Mama, barabara haiji tena," nikamwambia. "Nilimdanganya."

"Ulisema ulichoambiwa. Amelala kwao, kando ya nyanya yake. Yeye hana shida."

Akaelekeza kidole nyuma. Pale palipokuwa na kaburi, mwenye ploti alikuwa amejenga chumba. Pazia la maua lilining'inia mlangoni.

"Mpangaji wa hapo amejifungua juzijuzi," akasema. "Huyo mtoto akilia, mimi huitika. Sijui nafanya nini. Mama yake ameanza kuniogopa."

Nikaketi kando yake. Tukakaa tukichambua mboga pamoja. Halafu, nyuma ya lile pazia, mtoto akalia.

"Nakuja!" mama akaita akiinuka, majani yakimdondoka kutoka mapajani.

Nilipomtazama ndipo nilipogundua kwamba nami nilikuwa nimeshasimama.