Mkuu wangu wa kazi anasema maharage ninayosomea ni ramli

Admin, nifichie jina na ofisi, maana Kasulu ni ndogo na ajira yangu bado iko kwenye majaribio. Nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kibondo, karani wa masjala. Jioni nasomea diploma.

Kabla ya ajira nilianguka na bodaboda, nikaumia kichwa. Tangu hapo nikisoma ukurasa, nikifunga daftari umeshaondoka. Daktari aliniambia akili ipo, nibadili tu namna ya kusoma. Nikabadili. Nasoma dakika ishirini, napumzika. Najirekodi kwenye simu, nasikiliza nikitembea kwenda kazini. Kila somo nalikata hoja tano, kila hoja naishikia punje ya haragwe, kisha namfundisha mama mwenye nyumba. Yeye hajui kusoma, lakini anazihesabu punje, nikiruka kitu ananidaka: "Mbona la nne umelimeza, mwanangu?" Mitihani yote ya muhula uliopita nilifaulu, punje mkononi, maana ile ya ndani mwalimu aliniruhusu mwenyewe.

Mwezi jana, wakati wa chai, nikapanga punje zangu mezani. Mkuu wa masjala akasimama mlangoni. Huyu anajisifu kwamba majalada yote yako kichwani mwake, na kila wiki tunapekua makabati kutafuta moja.

"Dogo, kwa ramli hiyo unamng'oa nani kazini?"

Ofisi ikacheka. Nikamweleza kwamba ndivyo ninavyosoma.

"Hayo ni ya chekechea. Mtu mzima anashika kwa kichwa."

Wakati huo kiwiko chake kilikuwa kimeegemea, juu ya kabati la mlangoni, jalada alilolitafuta tangu asubuhi. Nikazikusanya punje zangu. Siku hizi wenzangu, watu wa digrii, hawataki niguse meza zao. Wamesoma miaka yote hiyo ili waje kuogopa maharage. Nawadharau, na bado mkuu akiniita nazificha punje mfukoni.

Sasa mtihani wa mwisho umefika. Chuo kinaruhusu mtu kama mimi kuongezewa muda na kuingia na punje zake, ila fomu isainiwe na mkuu wa kazi, pamoja na cheti cha daktari. Na mkuu huyohuyo ndiye ataandika kama nithibitishwe au niondoke. Akijua kichwa changu kiliumia, amepata sababu. Bila punje, najua nitafeli.

Fomu inatakiwa Ijumaa. Iko chini ya godoro. Mama mwenye nyumba anasema, "Punje ulizoshika mbele yangu, kashike na mbele yake."

Ndugu zangu, nimpelekee fomu mtu wa aina hii, au niingie mikono mitupu? Nishaurini, Ijumaa ni keshokutwa.